Kibati Kitupu cha Kompyuta ya Ukutani

Wajukuu zangu wa Kariakoo, nyie mnaonipa shikamoo na nyie mnaonirushia "mambo" mkidhani sisikii vizuri, salamu zenu zote nimezipokea. Leo nina neno nanyi kuhusu hizo kompyuta zenu zisizo na kasha.

Juzi nilipita kwenye duka moja upande wa Gerezani nikakuta kijana ametundika kompyuta ukutani, matumbo yote nje. Bodi, feni, nyaya, na taa za rangi zinazowaka na kuzima kama ukumbi wa harusi. Nyuma kuna chuma cheusi kilichokatwa kwa ustadi, mbele kuna kioo cha kuzuia vidole vya watu. Nikasimama kuangalia. Kijana akaniona nimeganda pale, akanionea huruma.

"Mzee, hii ndiyo mambo yote sasa hivi," akasema. "Haina kasha. Unaitundika ukutani, hewa inapita, haichemki hata ucheze gemu kutwa. Imeingia Bongo mwaka huu."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu huu, mzee."

Nikampa hongera nikaenda zangu kununua dawa ya mgongo. Ningebishana naye vipi? Yeye ana bisibisi mkononi, mimi nina fimbo. Ila nilipofika nyumbani nikatazama kitu kinachoning'inia ukutani sebuleni kwangu, nikaona kunyamaza nako kumezidi. Kaeni niwaambie.

Mimi nilikuwa fundi redio. Meza yetu ilikuwa Gerezani, barazani, katikati ya mafundi wa dinamo na wauza springi za magari. Mwenye meza alikuwa Mzee Salehe, mrefu, mkavu, kofia ya mkono haimtoki kichwani, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukikosea alikwambia mbele ya mteja. Ukipatia alinyamaza, na ule unyamavu ndio uliokuwa cheti.

Sheria yake ilikuwa moja. Redio iliyotengenezwa haifunikwi siku hiyo hiyo. Inatundikwa kwenye msumari ukutani ikiwa uchi, inaachwa iimbe kutwa nzima, na fundi anaisikiliza huku anafanya kazi nyingine. Ikikwaruza saa nane mchana, unaishusha, unaanza upya. Wateja walikuja wakaona redio zao zinaimba bila nguo, wakalalamika kwamba tunawachelewesha. Mzee Salehe aliwajibu, "Redio ukiifunika mapema inaanza kusema uongo."

Kwa hiyo ukuta wetu ulijaa misumari, na kila msumari ulikuwa na redio yake. Ukipita kwa mguu kutoka Mnazi Mmoja ungeweza kusikia taarifa ya habari kutoka kuta kumi kwa mpigo. Nikumbuke vizuri nisiongope: labda sita.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje.

Nyie hamkuijua nchi ya kabla ya ruksa. Redio moja ilitengenezwa mpaka ikawa na vipande vyetu vingi kuliko vya kiwandani. Mtu alikuja na redio ya marehemu baba yake, imefungwa kwenye khanga kama mtoto mchanga, na tukaipokea kwa adabu hiyo hiyo. Biashara ilipofunguliwa, Kariakoo ikajaa redio za kutoka Dubai, nyepesi, ukiitingisha inalia ndani kama njugu. Ikiharibika mtu anatupa, ananunua nyingine yenye rangi nzuri zaidi. Tulifurahi kama raia na tukaumia kama mafundi. Zilipita siku tunakaa kutwa tunatazama ukuta wenye misumari mitupu, na Mzee Salehe anasema hizi kelele zitaisha, watu watarudi. Hawakurudi.

Zilizokuja ni kompyuta. Zilikuja ndani ya makontena, zimetumika huko zilikotoka, nyingine kasha limebonyea kama sufuria iliyopigwa teke. Dalali mmoja akaniletea ya kwanza kwa sababu fundi wa kompyuta wa mjini alimtoza bei ya kumtisha. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina watoto, sina kazi. Nikaipokea.

Mzee Salehe aliizunguka ile meza kama mtu anayekwepa mbwa. "Hilo dude sitaki kulijua. Halina sauti. Kitu kisicho na sauti utajuaje kama kimepona?"

Kasha halikufunguka mpaka nilipolikata kwa msumeno, na baada ya hapo halikufaa tena hata kwa kuku. Nikawa na kompyuta isiyo na nyumba. Basi nikafanya nilichofundishwa: nikatafuta bati, nikafunga bodi juu yake, nikalitundika msumarini ili liimbe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la fundi redio. Kwenye redio za zamani, chuma cha chini ndiyo ardhi ya umeme, na kila kitu tunakibana pale kisawasawa, tena kwa nguvu. Nami nikaibana ile bodi kwenye bati, skrubu saba, imelala mgongo kwa mgongo na chuma. Nikawasha. Ikatoa moshi mwembamba na harufu ya samaki aliyesahauliwa juani, na dalali akatoa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nyuma ya bodi kuna mamia ya ncha za risasi ya kulehemu, wajukuu, na kila ncha ina jambo lake. Ukizilaza zote kwenye chuma umeziambia ziseme kwa pamoja.

Mzee Salehe akasema, "Sasa imeimba."

Nikajifunza. Ya pili niliinyanyua kutoka kwenye bati kwa vipande vya bomba la kalamu, nimevikata sawasawa kwa wembe, kila skrubu inapita ndani ya kipande chake. Leo nyie mnanunua vimiguu vya shaba ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi nilikuwa naokota kalamu zilizokwisha wino nje ya shule, na mlinzi wa pale aliamini kwamba nina tatizo la akili.

Basi hivyo ndivyo kompyuta ya ukutani ilivyoingia Gerezani. Haikuwa urembo. Makasha yalikuwa mabovu, joto la Dar lilikuwa pale pale, na mimi sikujua njia nyingine ya kujaribu kitu zaidi ya kukitundika. Wateja ndio waliogundua kwamba ikiwa wazi haizimizimi saa saba mchana. Mmoja akakataa nisiifunike, halafu wa pili. Nikaanza kuunda viunzi vya kweli: chuma bapa pembeni, bati katikati, ndoano mbili juu.

Niwape mawili matatu ya ukutani, maana naona mnatundika tu.

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kabla hujautoboa. Nyumba nyingi za zamani za Kariakoo nje zina saruji, ndani ni miti na udongo. Nilitundika kompyuta kwenye duka la vitenge, nikapiga msumari mrefu kwa madaha, na asubuhi yake mama wa chumba cha pili akaja na msumari wangu mkononi. Ulikuwa umetokea kwenye picha ya harusi yake, kifuani kwa bwana harusi. Hakucheka. Mimi nilicheka baada ya mwaka.

Usitundike ukuta unaopigwa na jua la alasiri, wala ulio mgongoni mwa bafu. Na mkumbuke mijusi. Mjusi wa Dar anapenda kitu chenye uvuguvugu na taa ndogo. Atakaa juu ya pawa saplai, kile kisanduku cha umeme, akiwinda mbu, siku moja mkia utagusa pasipostahili, na mtapoteza wote wawili. Mimi niliweka wavu wa mbu mbele na nyuma. Haupendezi, lakini mjusi naye ana haki ya kuishi.

Sasa nije kwa Bi Kusum, maana yeye ndiye niliyekaa chini kumwandika.

Bi Kusum alikuwa na duka la kuchapa kadi za harusi Mtaa wa Kisutu. Alizaliwa hapo hapo mjini, Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, na alikuwa na tabia ya kukuuliza umekula kabla hajakuuliza umefuata nini. Mumewe, Bwana Harish, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla sijamjua mama huyu. Aliniita kwa sababu kompyuta yake ilikuwa inazima kila inapofika saa tano.

Nikaifungua. Ndani kulikuwa na vumbi la karatasi la kujaza mto. Nikasafisha, ikazima tena. Kasha lilikuwa dogo, feni imechoka, chumba hakina dirisha la maana.

"Nunua nyingine, mama," nikasema. "Siku hizi zimejaa."

"Sitaki nyingine. Herufi zimo humu."

Akanieleza. Baba mkwe wake alikuwa na mtambo wa kuchapa wa zamani, na herufi za Kigujarati za risasi, zilizokuja na meli kabla ya yeye kuolewa. Herufi zile zikalika. Bwana Harish alipopata kompyuta alikaa miaka miwili, kila baada ya kufunga duka, akizichora upya moja moja kwenye skrini, akizitazama zile za risasi kwa kioo cha kukuzia. Alipomaliza, herufi za risasi zikauzwa Feri, wavuvi wakaziyeyusha kutengeneza chubwi za nyavu. Kwa hiyo herufi za ukoo mzima zilikuwa zimebaki ndani ya ile mashine inayozima. Zilikuwepo pia kwenye flopi tatu, vile vibamba vya plastiki vya mraba tulivyohifadhia kazi enzi hizo, alizozitunza kwenye kopo la biskuti.

"Kadi za jamii yetu zinatoka na mkono wa Harish," akasema. "Watu wanaoana na mkono wake. Ukiniharibia hizo, Kondo, umenizikia mume mara ya pili."

Sikulala vizuri wiki ile, nawaambia ukweli. Nikarudi Gerezani nikatengeneza kiunzi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nikakipiga msasa, nikakipaka rangi ya fedha, nikakibeba begani nikakatisha viwanja vya Mnazi Mmoja, na watu wakaniuliza kama nauza milango. Nikahamishia kompyuta yake humo, nikaitundika juu ya meza yake. Ikawaka. Saa tano ikapita, saa saba ikapita. Bi Kusum akasimama mbele yake mikono kiunoni.

"Ipi ni kichwa?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa kujidai. "Hiki kidude cha mraba hapa katikati. Hiki ndicho ubongo. Vingine vyote vinakisikiliza hiki."

Akaitikia kwa kichwa. Lile jibu langu likae akilini mwenu.

Kuna jambo lingine nililojidai nalo. Sisi mafundi redio tuna sumaku nyingi kuliko akili. Kila spika iliyokufa inaacha sumaku ya mviringo, na tunazitumia kushikia skrubu, kusugulia bisibisi iwe inanasa, hata kufunga kabati. Nikagundisha sumaku nne nyuma ya kirafu kidogo pembeni mwa kile kiunzi, ili mkasi wake na pini zake visianguke. Alifurahi sana. Alipenda kile kirafu mpaka akaona kopo la biskuti lihamie pale, karibu na mashine, kila kitu mahali pamoja.

Ilipita miezi mingi, kompyuta haijazima hata mara moja. Wateja wa Bi Kusum waliiona ukutani, wakauliza nani fundi. Gerezani misumari ikaanza kujaa tena, safari hii viunzi. Mzee Salehe aliendelea kutonigusia hilo jambo, ila nilimkuta siku moja anakata mabomba ya kalamu kwa wembe wake mwenyewe, kimya kimya, vipande sawasawa kuliko vyangu.

Halafu ikafika Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu.

Simu ilipigwa kwenye mgahawa wa jirani, maana meza yetu haikuwa na simu. "Kondo, njoo," akasema Bi Kusum. "Njoo sasa hivi. Na Mzee Salehe kama anaweza." Sauti haikuwa yake. Nilipomwambia Mzee Salehe nilitegemea atakataa. Alivaa viatu.

Tulimkuta dukani amekaa kwenye kiti cha wateja. Chumba kinanukia ubani na maua. Mashine kimya ukutani.

"Shikamoo, Mzee Salehe."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Imezima tu yenyewe. Niliwasha, ikalia tak, basi."

Niligusa hapa na pale. Imekufa kabisa. Nikamwambia asiogope, kwanza flopi zipo. Juu ya duka lake kulikuwa na ofisi ya wakili mwenye kompyuta, tukapanda na kopo la biskuti. Flopi ya kwanza haisomeki. Ya pili haisomeki. Ya tatu ile mashine ilikwangua kwanguu, kisha ikatuuliza kama tunataka kuianza upya, ikiwa tupu.

Pale pale nikajua. Niliona sumaku zangu nne kama mtu aliyewekewa picha mbele ya macho. Sumaku inafuta kilichoandikwa kwenye flopi. Nilishuka zile ngazi nyuma ya Bi Kusum, na nilipofika chini nikajitia kushughulika na nyaya, kumbe najificha.

Mzee Salehe yeye alikuwa amevaa miwani yake na pua yake iko sentimita mbili kutoka kwenye bodi. Ndiyo mara ya kwanza namwona anaisogelea kompyuta kwa hiari. Akachukua koleo jembamba, akachomoa kitu kutoka kwenye mwanya, akakiweka kiganjani.

"Kondo. Hizi kompyuta zinakula wali?"

Ilikuwa chembe ya mchele. Mbichi, ina wekundu.

Bi Kusum akafunika uso kwa ncha ya sari. Ikatoka yote. Kila mwaka ifikapo Diwali, nyumbani kwao hubariki vyombo vya kazi. Mkasi, mtambo, kisu cha karatasi, kila kimoja kinatiwa doa la unga mwekundu uliochanganywa na maji, kinamwagiwa chembe za mchele, kinanyunyiziwa maji kidogo, kinapewa ua. Miaka ya Bwana Harish kompyuta nayo ilipewa doa lake, juu ya kasha. Mwaka huu hapakuwa na kasha. Kwa hiyo alilitia doa pale nilipomwambia mimi mwenyewe kwamba ndipo penye kichwa.

Na ilikuwa imesimama ukutani. Hilo sikuwahi kuliwaza, na nyie mliwaze. Kwenye meza, tone linabaki lilipoangukia. Ukutani kila kitu kinateremka. Ule wekundu ulishuka kutoka kwenye ubongo, ukapita katikati ya bodi, ukaingia kwenye diski iliyokuwa chini, inayotunza kazi zote. Yeye aliwahi kupangusa ulioonekana, kwa aibu, kabla hatujafika. Akasema mara tatu, "Nimeua kazi ya mume wangu kwa mkono wangu, tena kwa sala."

Wajukuu, ningeweza kunyamaza. Nataka mjue hivyo. Alikuwa amejihukumu, hakuna aliyekuwa ananitazama mimi, na hakuna mtu Mtaa mzima wa Kisutu aliyejua sumaku inafanya nini kwenye flopi. Jina langu lingebaki safi na misumari yangu ingebaki imejaa. Nilifikiri hayo yote, kwa urefu kabisa, nimeshika waya mkononi.

Kisha nikasema. "Mama, wewe umeua nakala moja. Mimi nimeua tatu."

Nikamgeuzia kirafu, nikamwonyesha. Nilichukua mkasi nikauachia, ukanasa tak. Alielewa mara moja, maana hakuwa mjinga yule mama. Alinitazama kwa muda ambao sikuupenda. Mzee Salehe alikuwa amekunja mikono, ananitazama na yeye, na hakusema kitu. Nimeshawaambia unyamavu wake ulikuwa na maana gani.

"Sasa?" akauliza Bi Kusum.

"Sasa tunaosha," akajibu Mzee Salehe.

Tulibeba kila kitu Gerezani. Redio iliyomwagiwa chai tulikuwa tunaiosha kwa spiriti na mswaki laini, basi na kompyuta ikaoshwa hivyo hivyo, mwanya kwa mwanya. Betri ndogo inatolewa kwanza, msisahau. Kisha tukaianika siku mbili kivulini penye upepo, imefunikwa chandarua, na Mzee Salehe akakaa kiti chake karibu kufukuza watoto na kunguru. Bi Kusum alikuja siku zote mbili na chapati. Hakutaka kuongea, alitaka tu kuwa pale.

Siku ya tatu tukawasha. Bodi ikaamka, skrini ikatoa maandishi yake. Kisha ikasema haioni diski.

Nikabadilisha waya. Haioni. Nikasafisha tena. Haioni. Bi Kusum alikuwa ameshika bahasha ya kadi za zamani kifuani kana kwamba yupo msibani. Hapo Mzee Salehe akanisogeza kwa bega. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya ile diski, mpini akauweka kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Ndivyo alivyokuwa anasikiliza mota za santuri.

"Kimya nyie," akasema, na fundi wa dinamo wa jirani akazima mashine yake.

Akasikiliza. "Kumbe ina sauti," akasema polepole. "Inaguna. Inataka kuzunguka, haiwezi. Imenata."

Akaomba izimwe, ichomolewe. Akaishika kiganjani kama anavyoshika mtu yai, akaizungusha kwa kifundo cha mkono mara moja, ghafla, fyu, kama unavyofungua kifuniko kilichogoma. Kisha mara ya pili. Akanirudishia.

Nikachomeka, nikawasha. Ikapiga mluzi mwembamba unaopanda, mluzi ambao mpaka leo nikiusikia naketi wima. Nilitafuta mahali pa herufi, na vidole vikanikosea mara mbili. Zikatokea. Safu kwa safu, za duara duara, sijui hata moja inasemaje. Bi Kusum aligusa skrini kwa kidole, akaanza kuzitaja moja baada ya nyingine, ka, kha, ga, kama mtoto wa darasa la kwanza, huku machozi yanamshuka. Nami nililia. Mzee Salehe alisema ni spiriti.

Tulizinakili kwenye flopi tano siku hiyo hiyo, na hakuna hata moja iliyorudi kwenye kile kirafu. Moja ilikaa kwangu, mbili kwa ndugu za Bi Kusum, moja hekaluni, moja kwa wakili wa juu. Sumaku nilizing'oa kwa patasi mbele yake.

Bi Kusum akanisindikiza mpaka mlangoni nilipokwenda kuitundika tena. Alikuwa na haya kuuliza. "Kondo, mwakani nifanyeje? Siwezi kuiacha bila baraka. Na siwezi kuigusa."

Nikamrudia siku ya pili na kipande cha bati laini, ukubwa wa kiganja, nimekipinda ncha zake kama kisahani. Nikakifunga pembeni chini kabisa, mbali na kila waya, hakuna kilicho chini yake isipokuwa sakafu. "Hapa," nikamwambia. "Hiki nacho ni sehemu ya kompyuta. Kimeshikana na vingine vyote."

Tangu hapo kila kiunzi nilichotengeneza kilikuwa na kibati kitupu pembeni. Wateja waliuliza cha nini, nikawaambia ndiyo mtindo. Mmoja wa Kariakoo alikuwa anawekea udi siku ya Ijumaa. Mwingine aliandika aya kwa karatasi akaibandika. Muuza vitenge, yule wa msumari mrefu, aliwekea miwani. Mzee Salehe kabla hajafariki alikuwa anavikata yeye mwenyewe, kwa sababu alisema vyangu vina kona kali.

Miaka ikaenda. Kompyuta zikawa na makasha mazuri na feni za maana, kazi yangu ikaisha mara ya pili, nami nikawa mzee. Bi Kusum akazeeka na yeye, akafunga duka, akaenda kuishi kwa binti yake ng'ambo. Sikuwahi kumuaga. Nilisikia tayari ameshaondoka, na nilikasirika, nasema wazi.

Wiki ile ile mwanawe wa kiume alikuja hapa nyumbani na kitu kimefungwa kwenye shuka. Kilikuwa kiunzi changu cha rangi ya fedha. Kompyuta ilishatolewa zamani, herufi zimehamia mahali zinapohamia siku hizi. Zimebaki chuma, ndoano, vipande vya bomba la kalamu, na kibati. Kibati kilikuwa kizito kwa wekundu, tabaka juu ya tabaka, doa moja kwa kila mwaka. Nikapitisha kidole, na doa la juu kabisa likaniachia wekundu. Lilikuwa jipya.

"Hili la lini?" nikamwuliza.

"La asubuhi ya safari. Gari linasubiri nje, yeye anatafuta unga."

"Lakini kiunzi ni kitupu. Alikuwa anabariki nini?"

Yule kijana akatabasamu. "Hata mimi nilimwuliza, mzee. Akasema hilo ni la fundi."